Huruma ni nyingi, haki ni kidogo: juu ya nini wengi Goma hawauoni ubaguzi kwa watu wenye ulemavu

Mtu akiulizwa sokoni Virunga, ao kwenye kituo cha moto pale Signers, kama anawabagua watu wenye ulemavu, jibu linakuja haraka: hapana. "Miye? Niwabague juu ya nini? Nikiwaona, ninawahurumia." Na mara nyingi anasema kweli, kadiri yeye anavyolielewa neno lenyewe. Kwake, kubagua ni kutukana, ni kupiga, ni kumfukuza mtu mlangoni. Kwa sababu yeye hafanyi hayo, anaona hana kosa.

Lakini mtu huyo huyo akiombwa kumpangisha nyumba mama anayetembelea magongo, ao kumpa kazi dukani kijana kiziwi, ao kumwozesha binti yake kwa mwanaume kipofu, mazungumzo yanabadilika. Sababu zinaanza kutoka moja moja: ngazi zitamsumbua, wateja hawatamwelewa, watazaa watoto wa namna gani? Hakuna hata moja inayosemwa kwa hasira. Zote zinasemwa kwa sauti ya pole. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Mjini Goma ubaguzi mwingi hauji na uso wa chuki. Unakuja na uso wa huruma, na ndiyo maana hata yule anayeufanya hauoni.

Sheria inaita nini ubaguzi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2006. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nao tarehe 30 mwezi wa tisa 2015. Kifungu chake cha 2 kinaeleza ubaguzi kwa namna ambayo wakaaji wengi hawajawahi kuisikia. Kinasema kwamba ni ubaguzi kila tendo la kumtenga mtu, kumzuia ao kumwekea mipaka kwa sababu ya ulemavu, ikiwa tendo hilo lina kusudi ao lina matokeo ya kumnyima haki zake sawa na wengine.

Neno la kushika hapo ni "matokeo". Ni kusema, moyo mzuri hautoshi kuwa utetezi. Mwenye nyumba aliyekataa kupangisha kwa sababu "ngazi zitamsumbua" hakuwa na nia mbaya, lakini yule mama amelala bila nyumba. Matokeo ni yale yale kama vile angefukuzwa kwa matusi.

Kifungu hicho kinaongeza jambo la pili: kukataa kufanya marekebisho yanayofaa na yasiyo mzigo mkubwa kupita kiasi, huo nao ni ubaguzi. Maneno yanasikika makubwa, ila mambo yenyewe mara nyingi ni madogo. Mwalimu anamketisha kwenye benchi ya mbele mtoto asiyeona vizuri. Prefe anahamisha darasa moja kutoka ghorofa hadi chini juu ya mwanafunzi mmoja. Muuguzi anachukua kalamu na karatasi kumwandikia mgonjwa kiziwi pahali pa kumpigia kelele. Mambo hayo hayangoji bajeti ya leta wala mfadhili kutoka nje. Yanangoja mtu akubali kwamba yule mwingine anadai haki yake, haombi msaada.

Na si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3 duniani wanaishi na ulemavu mkubwa, ni kusema asilimia 16, karibu mtu mmoja kwa kila sita. Ikiwa parsele nyingi za Goma zinaonekana hazina mtu wa namna hiyo, huenda ni kwa sababu ulemavu mwingine hauonekani kwa macho, na kwa sababu watu wengine hawatolewi nje.

Maneno yanayopunguza mtu

Kiswahili chenyewe kinabeba sehemu ya mzigo huu. Mtu, mtoto, mama, mwalimu, munganga: wote hao ni wa kundi la watu. Lakini angalia kilema, kiwete, kipofu, kiziwi. Maneno hayo yamewekwa pamoja na kiti, kikapu na kisu. Kwa msemo wa mtaani ni "bilema", kama vile "bitu". Msemaji hana nia ya kumfanya mtu kuwa kitu, ni lugha aliyoikuta. Hata hivyo mtoto anayekua akisikia jirani anaitwa "kile kilema" pahali pa jina lake, anajifunza kitu ambacho hakuna mtu aliyekaa chini kumfundisha.

Ndiyo maana mashirika ya watu wenye ulemavu yanapendelea "mtu mwenye ulemavu" ao "mtu anayeishi na ulemavu". Mtu anatajwa kwanza, hali yake inafuata. Wako wanaocheka na kusema ni maneno ya wazungu na semina. Lakini hakuna anayecheka pale anapoitwa kwa jina lake, na hakuna anayependa ugonjwa wake ugeuke kuwa jina lake.

Neno lingine la kuangalia ni "maskini". Goma linatoka mdomoni bila kufikiri: "Maskini, mupatie kitu." Linasemwa kwa mwenye kuomba kando ya barabara, lakini pia kwa fundi wa viatu mwenye trisikli, kwa mwalimu mwenye magongo, kwa mwanafunzi kipofu wa chuo kikuu. Mwalimu mwenye mshahara anapewa franka mia tano na mtu asiyemjua, na akikataa anaonekana ana kiburi. Aliyetoa pesa anaenda akifikiri amefanya mema. Aliyepewa anabaki na ujumbe: hapa mjini, kazi yako ni kuhurumiwa.

Hata methali nzuri inaweza kutumika vibaya. "Hujafa hujaumbika" inaonya mtu asimcheke mwenzake, maana hajui yatakayompata kabla ya kufa. Onyo hilo ni la kweli, hasa katika jimbo ambalo risasi na ajali ya moto vimewaacha wengi bila mguu. Lakini wengi wanaitumia kwa woga: usimcheke, usije ukawa kama yeye. Ulemavu unabaki kuwa adhabu inayongojea nyuma ya mlango, na mwenye ulemavu anabaki kuwa mfano wa bahati mbaya, si mkaaji kama wengine.

"Huyu mama alifanya nini?"

Chini ya huruma kuna swali la zamani: nani alikosea? Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, ao akichelewa kukaa na kusema, macho ya familia mara nyingi yanageukia kwa mama. Watauliza alikula nini, alipita wapi usiku, alimcheka nani, nani kwa ukoo wao aliloga. Wako wanaume wanaoondoka nyumbani juu ya jambo hilo na kuanza familia nyingine. Pesa ambazo zingelipa hospitali zinaenda kwa mwombezi ao kwa mwenye dawa za kienyeji, na miezi inapita.

Miezi hiyo ina bei yake. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa ni jambo waganga wa mifupa wanalolijua sana. Mtoto akifikishwa mapema, mguu unanyooshwa polepole kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, mara nyingi na upasuaji mdogo wa mshipa wa kisigino, kisha viatu maalum. Akifikishwa akiwa na miaka kumi, kazi inakuwa ngumu zaidi. Uziwi wa mtoto unaweza kufuata homa ya uti wa mgongo. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kupata shida ya ubongo inayokaza mikono na miguu. Polio inaletwa na kirusi, na chanjo inaikinga. Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili tarehe 25 mwezi wa nane 2020, ila aina nyingine ya kirusi hicho, inayotokea pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, bado inasumbua Kongo.

Goma haikosi pahali pa kumpeleka mtoto ao mtu mzima. Kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana kwa kutengeneza miguu na mikono bandia na kuwafundisha watu kutembea tena, kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR. Hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000, mmoja wa waanzilishi wake ni munganga Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa. Hospitali ya CBCA Ndosho imepokea majeruhi wengi wa vita, na wapasuaji wa CICR wakifanya kazi humo. Kwa hiyo mara nyingi kinachomchelewesha mtoto ni aibu ya kumtoa nje kuliko umbali wa njia.

Petite Barrière: upendeleo ao kazi?

Kuna pahali pamoja ambapo wakaaji wote wa Goma wamewaona watu wenye ulemavu wakifanya kazi: Petite Barrière, ule mpaka wa watembea kwa miguu kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda. Kabla ya Covid-19, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanapita hapo kwa siku moja. Kati yao, kwa miaka mingi, wamekuwamo wasafirishaji wenye trisikli, ile kinga kubwa ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, iliyojaa magunia ya unga, mboga ao bidhaa za duka. Mwenye trisikli anaongoza, vijana wanasukuma kutoka nyuma. Mara nyingi mzigo si wake. Mfanyabiashara anamkabidhi na kumlipa kwa kila safari, maana kwa mazoea wenye kazi za mpaka wanamlegezea mtu mwenye ulemavu.

Juu ya watu hao, mji una maoni mawili yanayopingana. Wa kwanza wanasema: maskini, waacheni wapite. Wa pili wananung'unika: "Bale habalipake kitu ku barrière", ni kusema, wanapendelewa, wanaharibu biashara ya wengine, ni njia ya magendo. Maoni hayo yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe. Huyo ni msafirishaji. Ana wateja, ana wasaidizi anaowalipa, ana chombo cha kutengeneza kikivunjika, ana watoto masomoni. Akiitwa maskini ao akiitwa mpendelewa, kazi yake haitajwi.

Swali ambalo halijaulizwa sana ni hili: kwa nini wengi namna hiyo wamejikuta kwenye mpaka? Jibu si gumu. Shule ilikuwa mbali ao ilikuwa na ngazi. Ofisi haikumwita hata kumwona. Tajiri wa duka alisema wateja watashangaa. Milango mingi ilipofungwa, mmoja ulibaki wazi, na ukabaki wazi kwa huruma. Mlango wa namna hiyo unaweza kufungwa siku yoyote, maana haukuandikwa popote. Afisa mpya anakuja na mazoea yanabadilika. Mwezi wa tatu 2020 mpaka ulifungwa kwa watu juu ya Covid-19, na wote walioishi kwa kuvuka kila siku walipoteza kula yao mara moja. Wachuuzi wadogo wa kawaida wana RECOS, utaratibu wa COMESA unaowapunguzia ushuru kwa bidhaa ndogo ndogo zilizoandikwa kwenye orodha. Mtu anaweza kuuonyesha kwa afisa na kusema: hii ni haki yangu. Huruma haina karatasi ya kuonyesha.

Hali hiyo si ya Goma peke yake. Kule Kinshasa, kwenye Beach Ngobila, wachuuzi wenye ulemavu walijulikana kwa miaka mingi kwa kuvuka mto kwenda Brazzaville kwa nauli iliyopunguzwa. Kinshasa hiyo hiyo ndiyo ilitoa Staff Benda Bilili, kundi la wanamuziki ambao wengi wao walipooza miguu kwa polio na walitembea kwa trisikli. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2009, na filamu juu yao ilionyeshwa Cannes mwaka 2010. Jina lao la Kilingala linamwalika mtu atazame zaidi ya sura ya nje. Watu waliowapita barabarani kila siku walihitaji kwanza kusikia Ulaya ikiwapigia makofi.

Mji wa mawe

Mkataba wa Umoja wa Mataifa una wazo lingine linaloeleweka upesi mjini Goma. Unasema kwamba ulemavu hautoki kwa mwili peke yake. Unatokea pale mwili wenye upungufu unapokutana na vizuizi. Na Goma ni mji wa vizuizi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulishuka katikati ya mji hadi ziwani, ukaacha mwamba mweusi ambao juu yake watu walijenga upya. Barabara kubwa zina lami, lakini ukiingia ndani ya kata, njia ni mawe makali. Gurudumu dogo la kiti linakwama, gongo linateleza.

Choo ni mfano ambao hauzungumzwi hadharani. Kwa sababu mwamba ni mgumu kuchimba, vyoo vingi vinajengwa kwenda juu, na mtu anapanda ngazi. Kwa mwenye kutambaa ao mwenye trisikli, choo hicho ni kama hakipo. Mpangaji mwenye ulemavu anahesabu kwanza ngazi za choo kabla ya kuuliza bei ya nyumba. Mtoto wa namna hiyo akifika shule yenye choo cha ngazi nane, ataacha kunywa maji asubuhi, kisha ataacha shule. Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi kuwa bure, lakini bure hiyo haikujenga njia ya kuingia darasani.

Kwa wanawake, mzigo unaongezeka. Malalamiko yanayorudi mara kwa mara katika vyama vyao ni ya mwanaume anayekuja usiku na kukana mchana. Mimba inatokea, na familia ya kijana inasema haiwezi kulipa mahari juu ya "kilema". Hapo pia hakuna anayesema anabagua. Wanasema wanamwepusha kijana wao na mateso. Mama anabaki na mtoto, na mji unamhurumia.

Siku ya kukimbia

Kuna siku ambapo mawazo hayo yanageuka kuwa jambo la kufa ao kupona. Siku ya posho tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, Nyiragongo ilitapika tena bila wakaaji kupewa onyo. Siku tano baadaye, tarehe 27, wenye mamlaka waliamuru kata kumi za Goma zihame, na mamia ya maelfu ya watu wakatoka mara moja, wengine kuelekea Sake, wengine Rutshuru, wengine kuvuka kwenda Rwanda, wengine kwa mashua kuelekea Bukavu. Mwezi wa kwanza 2025, vita viliingia mjini, na tarehe 27 mwezi huo AFC/M23 ikatangaza kuushika mji. Mwezi wa pili, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zikavunjwa, na watu wakaambiwa warudi walikotoka.

Kila mara swali ni moja: nani anamchukua nani? Familia yenye watoto watano, godoro moja na pikipiki moja inaanza na wenye miguu. Mtu mwenye trisikli hawezi kukimbia katika msongamano, na lori lililojaa halichukui trisikli. Akiiacha, anafika kule anakoenda akitambaa. Kipofu anategemea mkono wa mtu, na katika vurugu mikono inaachana.

Kiziwi ana hatari ya namna yake. Habari za kukimbia zinapita kwa redio, kwa megafoni, kwa kelele za majirani. Yeye anaona tu watu wanakimbia. Askari akimwambia "simama" kutoka nyuma, hasikii, na askari anaweza kufikiri anakaidi. Hata redio, ambayo kwa wengi Goma ndiyo ya kwanza kutoa habari, inampita yeye pembeni. Kifungu cha 11 cha mkataba kinazitaka serikali ziwalinde watu wenye ulemavu wakati wa vita na maafa. Ulinzi huo unaanza na jambo la kawaida: katika kila avenyu kuwe na mtu anayejua nyumba ipi ina nani, na nani atamgonga mlango ao kumshika mkono.

Historia ya viziwi ina ukurasa wake hapa karibu. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu utoto, alifungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, na baadaye akaanzisha zaidi ya shule 30 katika inchi 13 za Afrika, Kongo ikiwa moja yao. Lugha ya alama ambayo viziwi wengi wa inchi hizi zinazotumia Kifaransa wanaitumia leo ina mizizi katika kazi yake. Alikufa katika ajali ya ndege ndogo karibu na Gisenyi, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1987. Miaka mitano baadaye, Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe hiyo hiyo ya 3 Desemba kuwa siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, bila uhusiano na kifo chake. Alipoanza, wengi waliamini kiziwi hawezi kufundishwa. Mwalimu wao mwenyewe alikuwa kiziwi.

Sheria iko

Kongo haikosi maandiko. Katiba ya 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya ulinzi maalum, na kwamba leta ina wajibu wa kumwezesha kuwamo katika taasisi za inchi, za jimbo na za mashinani. Kifungu hicho kiliahidi sheria ya kueleza namna ya kufanya. Mwaka 2019, kwa mara ya kwanza, serikali iliweka waziri mjumbe wa mambo ya watu wanaoishi na ulemavu, Irène Esambo, mwanasheria ambaye naye anaishi na ulemavu. Sheria iliyoahidiwa, namba 22/003, ilitiwa sahihi tarehe 3 mwezi wa tano 2022. Kutoka ahadi hadi sheria, ilipita miaka 16.

Sheria hiyo inalinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Lakini sheria inafanya kazi pale mtu anapoijua na kuidai. Na hapo ndipo mtazamo wa mji unaporudi. Ikiwa mwenye duka anaamini hakubagua, hatabadilika. Ikiwa mwenye ulemavu mwenyewe ameambiwa tangu utoto kwamba anaishi kwa huruma ya wengine, hatapeleka shauri popote, maana nani anamshtaki mtu aliyemhurumia? Zaidi ya hayo, wakati huu ambapo vita vimevuruga ofisi na mahakama za mji, ni rahisi kusema kwamba haki za walemavu zitangoja amani. Zinangoja tangu zamani, na vita kila mwaka vinaongeza idadi ya wanaozihitaji.

Kinachowezekana bila kungoja

Huruma yenyewe si adui. Jirani aliyembeba mzee mgongoni mwezi wa tano 2021 hakusoma mkataba wowote. Shida inaanza pale huruma inapochukua nafasi ya swali. Anayempa mtu mwenye ulemavu franka mia tano mara nyingi hajamwuliza anafanya kazi gani. Anayemsukuma kwenye barabara hajamwuliza kama alitaka kuvuka. Anayesema "ngazi zitamsumbua" hajamwacha mpangaji aamue mwenyewe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza. Tajiri wa duka anaweza kumjaribu kijana kiziwi kwa juma moja kama anavyomjaribu mwingine yeyote, na kumwacha akishindwa kazi, si kabla. Kanisa ao msikiti unaojenga ngazi mpya unaweza kuongeza mteremko wa simenti pembeni, wakati mafundi bado wako pale. Motari anaweza kumweleza abiria mwenye magongo bei ile ile anayowaambia wengine. Mkuu wa avenyu anaweza kuandika kwenye daftari nyumba zenye watu watakaohitaji msaada siku ya kukimbia, na kuwauliza wao wenyewe ni msaada gani. Mzazi anayemficha mtoto nyuma ya pazia anaweza kumpeleka kituoni juma hili, kabla mifupa haijakauka.

Na kwenye mikutano inayozungumza juu ya watu wenye ulemavu, kila tarehe 3 Desemba, kuna kipimo kimoja rahisi. Hesabu ni wangapi wameshika mikrofoni, na ni wangapi wameketishwa mbele ili wapigwe picha wakipokea sabuni na unga.